Maswali na majibu: mtembea kwa miguu kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya gari

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaoishi mahali ambapo kila kitu kimepangwa kwa kumfikiria mwenye gari: barabara pana, maduka mbali na nyumba, vivuko vya kuhesabika. Nimeyafupisha.

Mbele ya shule yetu pana kibao cha kilomita 30 kwa saa, lakini magari yanapita kwa 50 na zaidi. Tuombe kibao kikubwa zaidi?

Hapana. Kibao madereva wameshakiona. Dereva huifuata barabara kuliko maandishi: ikiwa imenyooka, pana na tupu pembeni, atakanyaga mafuta bila hata kukusudia. Ombeni barabara yenyewe ibadilishwe. Kwanza kivuko kiinuliwe hadi usawa wa njia ya miguu, ili gari ndilo lipande tuta na mtoto apite tambarare. Kisha njia za magari zipunguzwe upana. Mita 3 zinatosha kwa mtaa wa kawaida wa mjini, lakini njia nyingi hujengwa kwa mita 3.5 au zaidi, kana kwamba ni barabara kuu ya masafa marefu.

Na tofauti ya 30 na 50 ni kubwa kuliko inavyosikika. Tuseme mtoto amechomoka kati ya magari yaliyoegeshwa, na dereva amechukua sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki. Aliyekuwa na mwendo wa 30, lami ikiwa kavu, atakuwa amesimama kabisa baada ya mita 13 hivi. Aliyekuwa na 50 atakuwa ameshakwenda karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kushika. Yaani pale mmoja aliposimama, mwenzake bado hajapunguza chochote. Azimio la Stockholm, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani Februari 2020, lilitaka kikomo kiwe 30 popote ambapo magari yanachangamana na watu wanaotembea, na hesabu hii inatosha kueleza sababu.

Naendesha gari kila siku. Kwa nini watu wanakatiza barabara popote badala ya kufuata kivuko?

Asante kwa kuuliza, maana wengi huishia kulaani tu. Pima umbali, ndugu yangu. Mtu ameshuka basi, anakokwenda ni ng'ambo ya pili, na kivuko kiko mita 400 mbele. Akikifuata, atembee mita 800 kwenda na kurudi, kiasi cha dakika 10, pengine na mzigo mkononi na mtoto mgongoni. Kwa mwendo wako wa 50, dakika 10 ni zaidi ya kilomita 8. Ungezunguka kilomita 8 kufika kwenye jengo unaloliona mbele yako?

Kivuko kinatakiwa kiwafuate watu walipo. Kila kituo cha basi kiwe na chake, karibu kabisa. Kuwatoza faini wanaokatiza hakukisogezi kivuko hata hatua moja, na baadhi ya serikali zimeshaliona hilo: tangu Januari 2023, polisi wa jimbo la California nchini Marekani hawaruhusiwi kumsimamisha mtu kwa kuvuka nje ya kivuko isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kugongwa.

Mama yangu ni mzee. Taa hubadilika akiwa katikati ya barabara na magari yanaanza kumpigia honi.

Swali hili limeniuma. Kosa hapo ni la aliyepanga taa, mama hana lake. Taa nyingi hupangwa kwa kudhani kila mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya njia sita ina kama mita 21, kwa hiyo mpangaji anahesabu sekunde 17 au 18. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 26. Hizo sekunde nane zinazopungua ndizo zinazomwacha katikati ya magari.

Dai mambo mawili. La kwanza, muda wa kuvuka uongezwe; hilo hufanywa kwenye mtambo wa taa na halihitaji kuchimba chochote. La pili, kijengwe kisiwa katikati ya barabara, chenye kingo imara na nafasi ya kutosha kiti cha magurudumu, ili avuke nusu, apumzike, kisha amalizie. Ikiwezekana ongeza la tatu: taa ya waenda kwa miguu iwake sekunde chache kabla ya ile ya magari, ili dereva anayekata kona amkute mtu ameshaingia barabarani, anaonekana.

Je, daraja la kupita juu si salama zaidi?

Kwenye barabara ya mwendo kasi isiyo na makutano, ndiyo. Kwenye mtaa wa mjini, mimi silipendi. Daraja lenye urefu wa mita 5.5 kwenda juu, likijengewa mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele) unaomfaa mtu wa kiti cha magurudumu, linadai mita 66 za kupanda na nyingine 66 za kushuka. Mara nyingi hujengwa ngazi tu, na wasioweza ngazi wanasahauliwa. Wenye nguvu nao hukatiza chini. Gari lina injini. Ni haki lisubiri lenyewe.

Nikitembea usiku, nivae nguo zinazoakisi mwanga?

Vaa, zinasaidia. Ila usikubali jambo liishie hapo. Marekani, ambako vifo vya waenda kwa miguu vilipanda kutoka 4,109 mwaka 2009 hadi zaidi ya 7,500 mwaka 2022, takriban robo tatu hutokea gizani. Vivuko vinataka taa.

Wafanyabiashara wa mtaani kwetu wanapinga kuondolewa kwa maegesho ya kwenye kona.

Gari lililoegeshwa kwenye kona humficha mtoto kabisa, na humficha hata mtu mzima mfupi. Dereva hamwoni mpaka ameshatokeza. Mji wa Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, uliziacha wazi kona zake kwa nguzo, rangi, maua na sehemu za kuegesha baiskeli, pamoja na hatua nyingine, na kuanzia 2017 hadi mwisho wa 2024 haukuwa na kifo hata kimoja cha barabarani. Wafanyabiashara wasikilizwe, hasa juu ya kupakua mizigo, kwa sababu hiyo ni haja ya kweli na inaweza kutengewa nafasi katikati ya mtaa. Lakini nafasi moja au mbili za gari kwenye kona haziwezi kupimwa dhidi ya mtu.

Wakubwa wanasema mji uliojengwa kwa ajili ya magari hauwezi kubadilika. Tuanzie wapi?

Oslo, mji mkuu wa Norwe, mwaka 2019 haikupoteza mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ilimaliza miezi 12 hadi Julai 2025 bila kifo chochote cha barabarani, na zaidi ya nusu ya mitaa yake ina kikomo cha 30. Zote mbili zilipitia miongo ya kuyapa magari kila kitu.

Anzeni na makutano mamoja, yale ambayo kila mzazi wa eneo lenu anayaogopa. Kaeni hapo kwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Andikeni wangapi wanavuka, wangapi wanakimbia ili kuwahi, magari mangapi hayasimami. Pigeni picha. Kisha msiombe ujenzi mkubwa. Ombeni majaribio ya miezi mitatu kwa rangi na nguzo za plastiki, kona zifanywe kali zaidi ili gari likate taratibu. Nguzo ikikosewa mahali, inahamishwa siku hiyohiyo. Muda ukiisha, rudini mhesabu upya kwa saa zilezile, na karatasi hizo mbili mzipeleke kwa mhandisi wa mji.