Re: Ajenti wa antivairasi agoma kuunganika na konsoli, anadai cheti hakiaminiki

Mkuu, kama mashine zinagoma kwenye mtandao wa ofisi lakini kwa hotspoti ya simu zinapita, usihangaike kumsakinisha upya ajenti (programu ya antivairasi iliyo kwenye kila mashine, inayoripoti kwa konsoli, yaani seva ya kuzisimamia zote). Faiwoli yenu (kifaa kinacholinda mtandao) inafungua trafiki ya HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa) na kubandika cheti chake (kitambulisho cha kidijitali) badala ya cha konsoli. Hakikisha kwa amri hii, ukiweka anwani ya konsoli penye ANWANI:

openssl s_client -connect ANWANI:443 -servername ANWANI

Soma mstari wa "issuer" (aliyetoa cheti). Ukikuta jina la faiwoli, mchawi ndiye huyo. Kuingiza cheti chake kwenye Windows mara nyingi hakusaidii, maana ajenti wengi hukubali cheti cha konsoli yao tu. Itoe anwani ya konsoli kwenye ukaguzi wa faiwoli.

Ikigoma hata kwa hotspoti, tazama tarehe: betri ya CMOS (ile ndogo inayotunza saa ya kompyuta ikizimwa) ikifa, saa hurudi nyuma na cheti huonekana hakijaanza kutumika.