Kabla hujatia saini na mtandao wa chaneli, uliza ni nani atakayeamua matangazo

Ndugu muulizaji, umesema chaneli yako ya mapishi ina wafuasi 12,000, na kwamba mtandao mmoja wa chaneli, yaani kampuni inayosimamia chaneli nyingi za YouTube kwa pamoja, unataka kuisimamia kwa mgawo wa asilimia 70 kwako na 30 kwao, nawe unauliza kama utaendelea kuchagua mwenyewe matangazo ya video zako. Nilikuwa mshirika wa mtandao wa aina hiyo kuanzia mwaka 2016 hadi 2018, nikiwa na chaneli ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, na jibu langu ni kwamba hutachagua, isipokuwa mkataba umekupa haki hiyo kwa maandishi.

Ukikubali mwaliko wao, chaneli yako huingia chini ya akaunti yao ya usimamizi ndani ya YouTube, na kuanzia hapo wao ndio wanaopanga ruhusa utakazobaki nazo: kama unaweza kuwasha matangazo kwenye video, kama unaweza kuona mapato yako, na kama unaweza kuweka sera ya kufuatwa pale mtu mwingine anapopakia kazi yako, yaani izuiwe, ifuatiliwe tu au iwekewe matangazo. Mimi nilifungiwa ruhusa ya kuona mapato, na sikulijua hilo mpaka nilipofungua chaneli baada ya kutia saini nikakuta ukurasa wa mapato haupo.

Kuhusu mgawo, kumbuka kwamba asilimia 70 wanayokuahidi haihesabiwi kutoka kwenye fedha yote ya mtangazaji. Akilipa dola 100 kwa matangazo ya video ndefu, YouTube hubaki na 45, kisha mtandao huchukua asilimia 30 ya zile 55 zilizobaki, nawe unapata dola 38.50. Kama wanakutafutia wadhamini na kukusaidia kudai hakimiliki, huenda makato hayo yakawa halali yao.

Kilichoniumiza zaidi ni matangazo ya katikati ya video. Masomo yangu yalikuwa ya dakika 25 hivi, na mtandao uliweka tangazo kila baada ya dakika nne, kwa mpangilio uleule uliotumika kwa chaneli za vichekesho na za michezo ya kompyuta. Mwanafunzi anafuata hatua za kukamilisha mraba, nimeshaandika mstari wa kwanza na ninaeleza kwa nini tunaongeza namba ileile pande zote mbili, na hapo hapo tangazo linaingia; akirudi, uzi wa hoja umeshamkatikia. Grafu ya watazamaji, ambayo kwa bahati niliendelea kuiona, iliporomoka kwenye dakika zilezile. Niliomba matangazo yahamishiwe mwisho wa kila mfano, nikajibiwa kwamba mpangilio ni mmoja kwa washirika wote. Nilipoandika tena kulalamikia matangazo ya kubeti yaliyokuwa yakitokea kwenye masomo ya watoto wa kidato cha pili, jibu lilikuwa lilelile, na hilo sijalisamehe hadi leo, kwa sababu wazazi waliniandikia mimi, hawakuuandikia mtandao.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule, na mabadiliko hayo yanakuhusu. Mwezi Julai 2020 YouTube ilishusha urefu wa video zinazoruhusiwa kuwa na matangazo ya katikati kutoka dakika 10 hadi 8. Mwezi Novemba 2023 iliwaondolea watayarishi uchaguzi wa aina za matangazo ya mwanzo na ya mwisho kwa video mpya ndefu, yale ambayo mtazamaji anaweza kuyaruka na yale asiyoweza, kwa hiyo mtandao ukikuahidi kwamba utakuchagulia aina bora za matangazo, muulize mwakilishi wao anamaanisha aina zipi. Maamuzi ya maana yaliyobaki ni kuwasha au kuzima, mahali pa matangazo ya katikati, na aina za watangazaji wa kuzuiwa. Kwa mapishi, mahali ndiko kwenye uzito: tangazo likija wakati unga umefunikwa ili uumuke, mtazamaji atalivumilia, lakini likija kitunguu kikiwa kinakaribia kuungua, ataifunga video yako na kutafuta ya mwingine.

Wakikuambia kwamba bila wao huwezi kupata matangazo, usikubali. Tangu mwaka 2018 sharti ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ukilitimiza unaweza kuomba mwenyewe.

Soma pia sehemu ya kuondoka. Mimi nilitakiwa kutoa taarifa siku 60 kabla, na baada ya chaneli kutenganishwa nao, madai yao ya hakimiliki yalibaki kwenye video zangu kadhaa kwa wiki tatu, muda ambao sikuweza kuziwashia matangazo. Na kwa kuwa fedha hupitia kwao, usikubali zikae huko muda mrefu: Defy Media, kampuni ya Marekani iliyokuwa na mtandao wa aina hii, ilipofungwa ghafla Novemba 2018, watayarishi waliokuwa chini yake walilalamika kwamba mapato yao ya matangazo yalikuwa yamekwama humo.

Kwa hiyo waandikie leo, kabla ya kujadili asilimia, uombe mambo manne yaingizwe kwenye mkataba: kuona mapato yako kila siku, kupanga mwenyewe matangazo ya katikati, orodha ya watangazaji waliozuiwa kwenye chaneli yako, na kuondoka kwa taarifa ya siku 30 huku madai yote yakiachiliwa siku hiyo hiyo. Jibu watakalokupa liweke hapa, bila jina lao, tulisome pamoja.