Kupima kisiwa kizima: miguu kwanza, kompyuta baadaye

Ndugu, umeuliza uanze na programu gani kupima kisiwa kidogo huko Pemba ukitafuta vigae vya kale (vipande vya vyungu). Programu si tatizo: QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure na inatosha kabisa. Ila tumia UTM (mfumo wa kutaja mahali kwenye ramani kwa mita) kanda ya 37 kusini tangu siku ya kwanza, la sivyo alama zako za GPS zitapishana na ramani.

Kazi hasa ni kutembea. Wanaakiolojia Andrew Bevan na James Conolly walipima Antikythera nzima, kisiwa cha Ugiriki chenye kilomita za mraba 20 hivi, kuanzia 2005. Watembeaji waliachana mita 15, wakihesabu vigae njiani. Nawe andika hata mistari uliyotembea ukatoka mikono mitupu, na ardhi ilionekana kwa kiasi gani. Usipofanya hivyo, ramani itaonyesha kichaka kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu.

Lakini usiige Ugiriki moja kwa moja. Pemba ni majani matupu yanayoficha ardhi, kwa hiyo utachimba vishimo vya majaribio na kuchekecha udongo. Hapo kibali cha idara ya mambo ya kale Zanzibar ni lazima, na sheha (kiongozi wa serikali wa eneo) ajue mapema. Waulize pia wakulima wa mihogo. Majembe yao yameshagonga vigae vingi.