Mafunzo ya afya ya akili shuleni yaanzie jikoni

Shule nyingi hapa Nairobi zikikwambia stafu wamefunzwa mambo ya afya ya akili, ujue ni mwalimu wa gaidansi, yule wa ushauri nasaha, alitumwa semina akarudi na kalamu mpya. Mimi ndiye huyo mwalimu, kwa shule moja ya msingi huku Eastlands, na hiyo haitoshi juu watoto wenye shida hawaji ofisini kwangu. Mtoto wa gredi ya pili hawezi sema ana wasiwasi, anasema tumbo linauma, kila Jumatatu, na anayejua mapema ni mama wa jikoni anayeona sahani ikirudi vile ilienda, ama anti wa basi, ama askari wa geti anayeona nani anazungukazunguka jioni hataki kwenda nyumbani.

Kwa hivyo ita kila mtu. Na usilete mtaalamu wa kusoma majina ya magonjwa kwa projekta, kesho utasikia mwalimu anasema mtoto fulani "ako na dipresheni". Kupima si kazi yao. Wafunze huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani kuangalia, kusikiliza, kuunganisha.

Kuangalia wanashika haraka. Kusikiliza ndio kazi, hapo mkae sana. Sisi walimu tumezoea "kwa nini umefanya hivyo?" na mtoto anajifunga papo hapo. Waigize wawili wawili, mmoja awe mtoto, watacheka mwanzoni lakini mdomo unazoea kusema "nimeona siku hizi huchezi na wenzako, kuna kitu?" halafu unanyamaza. Kunyamaza ni ngumu aki, mwalimu ndani ya sekunde chache ashaanza mawaidha! Na mtoto asiahidiwe siri. Mwambie hutatangaza, lakini kama kuna mtu anamuumiza lazima utafute mtu wa kumsaidia.

Kuunganisha ni karatasi moja ukutani, stafrumu na jikoni pia: nani wa kuambiwa hapa shuleni, namba ya afisa wa watoto wa eneo lenu, na 116, namba ya simu ya Childline Kenya ya kusaidia watoto, ni bure, saa 24. Kesi ya dhuluma isimalizwe kwa kikao na mzazi, hasa kama mzazi ndiye anayeshukiwa.

Sasa kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza adhabu ya viboko, lakini sote tunajua bado kuna fimbo kwa droo mahali. Mtoto hawezi kukufungulia roho saa nne na ulimchapa saa tatu, kwa hivyo hiyo stori iongelewe kwa mafunzo, mwalimu mkuu akiwa ndani, hata kama watu watanuna.

Siku moja ya semina inasahaulika. Afadhali lisaa limoja kila muhula, mkiongea visa vyenu bila kutaja majina ya watoto. Na mpishi na askari wakibaki baada ya kazi, walipwe nauli na hiyo saa.