Jibu: Masaa manane Barbados yanatosha kufika St. Nicholas Abbey?

Ndugu, meli yako ya utalii ikikaa masaa manane katika kisiwa hicho cha Karibi, yanatosha. Shamba hilo la miwa liko kaskazini mwa kisiwa, katika wilaya ya St. Peter, karibu saa moja kutoka bandari ya Bridgetown, mji mkuu. Teksi hazina mita, hivyo patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Usivae nguo za mabaka ya kijeshi. Ni kosa kisheria kule, hata kwa mtoto.

Jumba la shambani ni la 1658. Kinu cha mvuke cha 1890 husaga miwa msimu wa mavuno tu, nusu ya kwanza ya mwaka. Wengi huishia kuonja ramu, pombe ya miwa. Wewe muulize mwongozaji habari za watumwa, maana utajiri ule ni jasho lao, na uhuru kamili waliupata 1838.

Fuata saa ya meli, si ya simu: wakati mwingine hupishana, na ndipo watu huachwa.