Kukaza moyo si kutulia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kutuliza akili kunaondoa maumivu ya mwili?" Hakuondoi. Linalonikera ni jingine: kwa nini mtu anaumwa tunamwambia "kaza moyo", kisha tunadhani tumemtuliza? Anayejikaza hubana pumzi, mabega na mgongo, na msuli uliobanwa huzidi kuuma.

Mtazameni bibi mmoja mkulima wa mwani, Jambiani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huinama kwa saa nzima akifunga mbegu kwenye kamba, mgongo unamuuma, naye anacheka na wenziwe. Yakija maji mafu, yasiyokupwa sana, hukaa nyumbani, hainami, mnunuzi keshashusha bei, na mgongo uleule unamliza usiku. Tangu 1965, watafiti Melzack na Wall walipoeleza habari ya lango la maumivu katika uti wa mgongo, yaani mahali panapopitisha au kuzuia habari ya maumivu kwenda ubongoni, imejulikana kuwa ubongo nao una mkono katika kulifungua na kulifunga. Hofu na huzuni hulifungua.

Binti yake muuguzi alimfundisha hivi: alale chali, mto chini ya magoti, avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa sita, dakika kumi. Kisha fikira aipeleke palepale panapouma: panachoma, panavuta au panapwita? Pana upana wa kidole au wa kiganja? Likija wazo la "nitapooza", alitambue kuwa ni wazo tu, arudi kwenye pumzi. Mwanzo hakupata kitu. Kila pumzi mbili tatu alikagua kama maumivu yameondoka, na kukagua huko ndiko kuyangojea. Tena alianza usiku, yamepanda. Zoezi hili huanzwa mchana, yakiwa madogo. (Watakaosema dhikri yatosha, sibishani nao. Ila dhikri humpeleka mtu kwa Mola wake. Hili humbakisha mgongoni.)

Mgongo haukuacha kuuma. Usingizi ulirudi.

Na usingizi, kila nikiandika naona, si jambo dogo kama nilivyoanza kulifanya. Basi zoezi hili na lifundishwe vituo vya afya, Unguja na Pemba. Mafunzo ya Kabat-Zinn ya kutuliza akili kwa namna hii, yaliyoanza Marekani 1979, huchukua wiki nane. Anayeacha siku ya tatu hajajaribu. Lakini miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, au homa ikifuatana na mgongo, asilale kuhesabu pumzi: hospitali siku hiyohiyo. Na dawa alizoandikiwa asiziache kwa kuwa amelala vizuri siku mbili.