Mhasibu Amepandisha Ada: Pa Kuanzia Kabla ya Kuhama

Barua ya mhasibu ikisema ada inapanda, wengi wanaofanya kazi za mikataba kupitia kampuni zao hapa Uingereza hufanya moja kati ya mawili. Hulipa kimyakimya, au hukimbilia mtandaoni kumtafuta aliye rahisi kuliko wote. Yote mawili ni haraka mno. Ndani ya ada hiyo moja mna kazi saba au nane tofauti: baadhi si za lazima kwako, baadhi unaweza kuzifanya mwenyewe kwa nusu saa kwa wiki, na moja au mbili ni heri umwachie mtaalamu hata kama bei imepanda.

Anza kwa kuomba mchanganuo kwa maandishi: kila kazi na bei yake, ya zamani na mpya, bila VAT na pamoja na VAT. Kwa kawaida utakuta kuweka vitabu, ritani za VAT, mishahara, hesabu za mwaka na ritani ya kodi ya kampuni, taarifa ya uthibitisho ya kila mwaka kwa Companies House (msajili wa kampuni), ritani yako binafsi, programu ya uhasibu, na pengine anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Uweke mchanganuo huo kando ya barua ya makubaliano uliyosaini mlipoanza. Soma hasa kipengele cha notisi na kile cha kubadilisha ada, maana ndivyo vitakavyokuambia una muda gani wa kujadiliana.

Kisha uliza sababu ya ongezeko, na usiridhike na jibu la jumla. Sababu inayotajwa sana sasa ni Making Tax Digital, mpango wa serikali wa kutunza na kuwasilisha taarifa za kodi kwa programu za kompyuta. Hapo pana mkanganyiko mkubwa. Ule wa kodi ya mapato, ulioanza tarehe 6 Aprili 2026 kwa wenye mapato ghafi ya zaidi ya pauni 50,000, unawahusu wanaofanya biashara kwa jina lao binafsi na wenye nyumba za kupangisha. Mshahara wa mkurugenzi na gawio la kampuni yako havihesabiwi humo. Kama kipato chako chote kinatoka kwenye kampuni, mabadiliko hayo hayakuongezei ritani hata moja, na hupaswi kuyalipia. Una nyumba unayopangisha kwa jina lako, na mapato yake ghafi yanapita kiwango hicho? Basi swali ni lingine, na mhasibu ana haki ya kutoza taarifa za kila robo mwaka.

Sababu ya pili ni uthibitisho wa utambulisho wa wakurugenzi, ulioanza kuwa wa lazima Companies House tarehe 18 Novemba 2025. Mhasibu akiufanya kwa niaba yako anaweza kutoza. Lakini unaweza kuufanya mwenyewe bure kupitia GOV.UK One Login kwa pasipoti na simu, kisha ukampa namba yako binafsi unayopewa. Vivyo hivyo taarifa ya uthibitisho: ada ya serikali kwa njia ya mtandao ni pauni 50 tangu Februari 2026, na kuijaza kwa kampuni ambayo haikubadilisha wanahisa wala wakurugenzi ni kazi ya dakika 10. Kinachozidi hapo ni malipo ya kubofya.

Programu ya uhasibu nayo iangalie. Wenye akaunti ya biashara ya NatWest au Royal Bank of Scotland wanaweza kupata FreeAgent bila malipo kupitia benki. Kama mhasibu wako anakutoza programu hiyohiyo ndani ya kifurushi, omba kiasi hicho kiondolewe.

Kuna pesa nyingine inayopotea bila mtu kuiona. Ukiwa kwenye Flat Rate, mpango wa VAT wa kulipa asilimia maalumu ya mauzo yote, na hununui bidhaa nyingi, unaangukia kiwango cha 16.5% kinachopigwa kwenye jumla yenye VAT. Ankara ya pauni 100 ikiongezwa VAT inakuwa 120, unapeleka HMRC (mamlaka ya kodi) pauni 19.80, unabaki na pensi 20. Hapohapo huruhusiwi kudai VAT iliyo ndani ya ada ya mhasibu. Tuseme ada ni pauni 150 kwa mwezi: VAT yake ni pauni 30, yaani 360 kwa mwaka, ambazo kwenye mpango wa kawaida ungerudishiwa. Kwa mauzo ya pauni 80,000 kwa mwaka, Flat Rate inakuachia pauni 160 tu. Kuhama mpango peke yake kunaweza kumeza ongezeko zima, na ajabu ni kwamba wahasibu wachache hulitaja hili bila kuulizwa.

Sasa kazi inayokula saa nyingi kuliko zote: vitabu. Mhasibu akipandisha ada ya mteja mmoja kuliko mwingine, mara nyingi ni kwa sababu vitabu vya huyo mmoja vinamla muda. Miamala imebaki bila maelezo, risiti hazipo, matumizi ya nyumbani yamechanganyika na ya kampuni, na kila swali linahitaji barua pepe tatu. Ukilikata tatizo hili, una hoja nzito ya kudai bei ishuke.

Utaratibu ni huu. Chagua siku moja ya wiki. Vuta miamala ya benki kwenye programu, ipe kila mmoja fungu lake, ambatisha picha ya risiti au ankara, kisha linganisha salio la programu na salio la benki. Yakitofautiana hata kwa pensi chache, usifunge hadi ujue kwa nini. Kwa kawaida ni muamala ulioingia mara mbili baada ya muunganisho wa benki kukatika na kurudi, au ankara iliyowekwa alama ya kulipwa kwa mkono na benki ikaileta tena. Uhamisho kutoka akaunti ya kampuni kwenda akaunti yake ya akiba usiuandike kama matumizi, kwani ukifanya hivyo faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Hatari kubwa kuliko hizo ni pesa unazojitolea mwenyewe. Kila unapohamisha fedha kwenda kwako, amua siku hiyohiyo: ni mshahara, ni gawio, ni kurudishiwa gharama, au ni mkopo wa mkurugenzi. Gawio linahitaji faida iliyopo baada ya kutenga kodi, kumbukumbu ya uamuzi na hati ya gawio. Usipoamua, mwisho wa mwaka yote huangukia kwenye mkopo wa mkurugenzi, na ukibaki bila kulipwa hadi miezi 9 na siku 1 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, kampuni hutozwa kodi ya ziada juu yake.

Vitabu vikiwa safi, ritani ya VAT hujijaza yenyewe kwenye programu. Robo inayoishia 31 Machi huwasilishwa na kulipwa kabla ya 7 Mei kwisha. Ukichelewa unapata pointi, na kwa wanaowasilisha kila robo, pointi 4 huleta faini ya pauni 200. Kazi hii unaweza kuibeba bila wasiwasi.

Mishahara pia, kama mkurugenzi ni wewe peke yako. Programu ya HMRC ya Basic PAYE Tools ni ya bure kwa mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10. Ukijilipa mara moja kwa mwaka, omba HMRC wausajili mpango wako kuwa wa mwaka, ili uwasilishe taarifa moja badala ya 12. Taarifa iende siku ya malipo au kabla yake. Kwa mshahara wa pauni 12,570, mchango wa mwajiri wa bima ya taifa (National Insurance) ni 15% ya kinachozidi pauni 5,000, yaani 1,135.50, na kampuni yenye mkurugenzi kama mfanyakazi pekee haipati nafuu ya Employment Allowance.

Hesabu za mwaka na ritani ya kodi ya kampuni mwachie mhasibu. Huduma ya bure ya kuwasilisha zote mbili kwa pamoja ilifungwa tarehe 31 Machi 2026, kwa hiyo sasa ritani hiyo inahitaji programu ya kulipia. Kukosea hapa ni ghali: hesabu zikichelewa Companies House hata siku moja faini ni pauni 150, zikipita miezi 6 ni 1,500.

Ukishajua kazi unazomwachia, mpelekee mhasibu pendekezo lenye orodha hiyo na uulize bei yake. Wengi hukubali, kwa sababu mteja mwenye vitabu safi ni faida kwao. Kumbuka pia kwamba ada ni gharama ya kampuni: ongezeko la pauni 40 kwa mwezi ni 480 kwa mwaka, na kwa kodi ya 19% linakugharimu 388.80. Mhasibu anayejibu simu na anayeijua IR35 (sheria ya kodi kwa wanaofanya kazi za mikataba kupitia kampuni zao) anaweza kustahili kiasi hicho.

Akikataa, hama baada ya hesabu za mwaka kuwasilishwa, si katikati. Hakikisha mpya ni mwanachama wa chama cha wahasibu kama ICAEW, ACCA au AAT, kwani hapa mtu yeyote anaweza kujiita mhasibu. Yeye ndiye atakayemwandikia wa zamani kuomba taarifa, lakini wewe fuatilia hizi: urari wa mwisho, hesabu na mahesabu ya kodi, orodha ya mali na vifaa, taarifa za mishahara za mwaka hadi sasa, na namba ya siri ya Companies House. Kama ofisi iliyosajiliwa ni anwani yake, ibadilishe kwanza, la sivyo barua za HMRC zitaendelea kwenda kwake. Na kama programu iko kwenye jina lake, ihamishie kwako kabla ya kusimamisha malipo ya benki, maana akifunga akaunti hiyo miamala yote huenda nayo, na sheria inakutaka uitunze kwa miaka 6.